Katekista Aliyebebea Mbwa Mizigo

Katekista wa Kibabi alitupiga sote. Alitupiga kwa kuchelewa, kwa kusahau amri ya sita, kwa kucheka katikati ya Baba Yetu. Fimbo yake ilikuwa ya mti wa kahawa, nyembamba, na kila Jumamosi aliipaka mafuta ya mawese ili isikauke. Lakini mbwa akiingia katika kanisa letu la nyasi, akapita kati ya magoti yetu akinusanusa, Katekista aliificha fimbo nyuma ya mgongo kama mtu aliyefumaniwa, akainama, akasema kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kuisikia: "Mwenzangu, toka kidogo. Tunamaliza sasa hivi."

Na mbwa alitoka. Halafu fimbo ilirudi mbele.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Nilimuuliza mara moja nikiwa mtoto, akaniamuru nishike magoti nipigwe. Nitaeleza niliyoyaona, na machache niliyoambiwa na watu ambao hawana desturi ya kunidanganya, hasa mama yangu.

Alikuwa mrefu, masikio yamesimama mbali na kichwa, na alivaa koti jeusi aliloachiwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya. Padri huyo alikuwa mnene. Upepo wa milima yetu uliingia shingoni mwa koti ukatokea mikononi, na asubuhi za ukungu, alipokuwa akishuka kutoka upande wa Muheto, tulidhani koti linakuja peke yake. Kazi yake ilikuwa kutembea. Misheni ilimpa makanisa madogo mengi, mengine huku kwetu kwenye mashamba ya maharagi, mengine mbali chini, katika msitu wa Walikale, ambako jua linafika ardhini kama mgeni asiyekaa. Alitembea haraka, bila kusema, na bila kubeba kitu.

Hilo la kutobeba kila mtu alilijua. Wakati wa vita vya Wazungu, wanaume wa milima yetu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi, na yeye akiwa mmoja wao. Alirudi na kipara cha mviringo utosini, kidogo kama kifuniko cha chungu, na nywele hazikuota tena pale. Aliapa kwamba hakuna mzigo wa mtu utakaokaa tena kwenye kile kichwa. Akashika kiapo. Hata katekisimu yake aliibeba mke wake, aliyemfuata nyuma na kikapu, kamba imemkata paji la uso, huku mumewe akitangulia mikono mitupu kama chifu. Mimi mambo hayo yaliniudhi. Mama yangu yalimchekesha, na kicheko cha mama yangu kilikuwa na meno.

"Papa Katekista," alimwambia siku moja penye kisima, mbele ya wanawake wote, "ile kichwa yako iko ya kuvaa kofia tu?"

"Ilishamaliza kazi yake, Mama. Sasa inafikiri."

"Inafikiri nini?"

"Namna ya kukujibu."

"Basi tutangoja. Na mama wa watu angoje na muzigo yake?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Katekista naye alitabasamu kidogo, akaondoka. Mke wake alifunga upya kamba ya kikapu, akamfuata. Hakuna kilichobadilika.

Alipenda semi, na nyingi nadhani alizitunga mwenyewe njiani, maana sijazisikia kwa mtu mwingine. "Muntu anayepigia mbwa kelele, hasikilizwake kwake nyumbani." Huo ulikuwa wa kuwatukana wanaume wa Kibabi. "Mungu iko na masikio kubwa, njo maana ananyamaza." Huo aliusema kwenye mazishi, na nilipokuwa mtoto ulinifariji. Nilipokua niliuangalia tena, nikaona kwamba haufariji kabisa. Nilimwambia hivyo. Alisema: "Nani alikuambia niliusema kwa kufariji?"

Kuhusu imani yake sijui niseme nini. Huku Kibabi alikemea wote waliokwenda kwa waganga wa mizimu, akawataja kwa majina kanisani. Lakini kule msituni, ambako Wakristo walisali Jumapili na wengine wao Jumatatu wakawapelekea mababu chakula, alikuwa mtu mwingine. Mama yangu ana dada aliyeolewa huko, na aliwahi kusafiri na Katekista njia hiyo. Anasema walipopita penye kibanda kidogo cha wawindaji, kile wanachokijenga kwa ajili ya mizimu ya uwindaji, Katekista alivua viatu, akapita pembeni miguu mitupu. Mama akamuuliza kwa nini. "Tope," akajibu. Mvua haikuwa imenyesha.

Nilimuuliza mara tatu, katika miaka tofauti, kwa nini anawapenda mbwa. Nilipata majibu matatu.

La kwanza: alipotea msituni zamani, akaokolewa na mbwa wa mwindaji. Mbwa wa kule hawabweki. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi kwenye majani. Alisikia kengele, akaifuata, ikamfikisha kwa mwenye mbwa, Papa Bulambo, ambaye tangu siku hiyo akawa mwenyeji wake na rafiki. Hili linaweza kuwa kweli. Papa Bulambo alikuwepo, nilikuja kumwona kwa macho yangu.

La pili: kwamba wakati wa vita, kwenye njia ya mizigo, wapagazi walioanguka waliachwa, na mbwa mmoja wa askari alikaa kando ya mtu aliyeanguka hadi akafa, wakati wao wenzake walipita. "Sisi tulipita," alisema. "Mbwa ilikaa."

La tatu alinipa nilipokuwa nimekwisha kuingia univerisite kule Leo, mji mkuu wetu, nimerudi likizo na viatu vya kamba na maswali mengi. Juzi yake tu mtu wa Muheto alikuwa amelazwa chini mbele ya bendera na kupigwa fimbo, kwa sababu hakupalilia shamba la lazima. Katekista alikuwepo. Watu wote waliitwa kuangalia.

Nikamwambia: "Papa, wamempiga mtu mzima mbele ya watoto wake. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Lakini mbwa akipigwa unapanda mpaka kwa padri kushitaki."

"Njo vile."

"Kwa nini?"

Nilidhani angesema nishike magoti.

"Kwa sababu juu ya mbwa bananiachaka niseme," akajibu.

Nilitoka pale nimekasirika. Niliona ni jibu la mwoga. Bado naona hivyo siku nyingine. Siku nyingine naona ni jibu pekee la kweli nililosikia mwaka ule, na walimu wetu kule Leo walizungumza sana.

Sasa nifike kwenye safari yake, ambayo ndiyo watu wanaikumbuka, wengi kwa kucheka.

Kichaa cha mbwa kiliingia mkoani. Mtoto aliumwa na mbwa kando ya njia kuu ya Bukavu, akafa vibaya. Huku kwetu Masisi, kwa sababu ya mashamba ya Wazungu na ng'ombe wao, mbwa walipigwa sindano haraka wakafungwa medali ya bati shingoni. Kule msituni hakuna aliyekuwa na haraka. Munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo, Mzungu aliyezunguka na gari kutoka Bukavu, alifika Hombo, penye soko kwenye barabara ya msituni, akawaita wazee na kuwatangazia: mwisho wa kiangazi atarudi. Mbwa asiye na medali atapigwa risasi. Lakini dawa ya mbwa wa msituni wenyeji waigharimie wenyewe. Wakiwa na pesa siku hiyo, atawadunga mbwa wao.

Pesa watu wa msituni walikuwa nayo kidogo tu, na hiyo ilikwenda kwenye kodi. Na mwindaji wa kule bila mbwa si mwindaji. Nyama yake, mahari ya mwanawe, heshima yake mbele ya wazee, vyote vinatangulia mbele yake vikinusa ardhi. Papa Bulambo alituma ujumbe Kibabi kwa mdomo wa mtu: wawindaji wanafikiri kuwapeleka mbwa kwenye makambi ya ndani kabisa, ambako gari halifiki, wawafiche huko hadi mambo yapoe. Yeye Katekista anasemaje, maana anawajua Wazungu?

Katekista akarudisha jibu. Mama yangu alikuwepo alipolitoa, na amenirudilia neno kwa neno: "Mwambie Bulambo asifiche mbwa. Kichaa iko huko huko msituni, itawakuta. Abalete Hombo, abafunge kamba kando ya barabara, angoje. Mimi nitafika na pesa."

Ahadi aliitoa kwanza. Pesa alianza kuitafuta baadaye. Hiyo nayo ilikuwa tabia yake.

Wazo alilipata kwa padri. Padri alimwonyesha gazeti la kwao lenye picha: watu wa mji fulani wa Ulaya wanatembea mwendo mrefu barabarani, na majirani wamewaahidi pesa kwa kila kilomita watakayomaliza, pesa hiyo iende kuwatunza farasi wazee waliostaafu kazi. Katekista aliangalia picha hiyo kwa muda mrefu. Kutembea! Kitu pekee alichokijua vizuri. Jumapili iliyofuata alisimama baada ya misa, Kibabi asubuhi, Muheto jioni, akaeleza kwamba atatembea kutoka Muheto hadi Hombo kwa ajili ya mbwa wa msituni, na kila mtu aahidi kitu.

Halafu mzee mmoja akasimama nyuma.

"Papa Katekista, tukulipe sababu gani?"

"Sababu ya kutembea."

"Utabeba nini?"

"Sitabeba kitu."

"Utatembea bure?"

"Nitatembea kwa ajili ya mbwa."

"Mbwa itakuwa kwa mugongo?"

"Hapana. Mbwa iko Hombo."

"Sasa," mzee akasema, akiwageukia wengine kama mtu anayeomba msaada, "muntu anaenda mikono mitupu mpaka Hombo, na sisi njo tunalipa. Hii iko kazi ya namna gani? Hata Mzungu wakati ya vita alilipa kidogo, lakini alilipa mwenye muzigo!"

Waliangua kicheko, na kicheko hicho kilizima jambo lote. Wasidhaniwe kuwa wachoyo. Walikuwa watu ambao kwao mwendo na mzigo ni kitu kimoja. Tangu babu zao, kumlipa mtu atembee maana yake ni kumlipa abebe. Mtu anayelipwa kwa kutembea mikono mitupu walimjua mmoja tu, naye ni polisi.

Mama yangu ndiye aliyelikata. Alisimama na kusema: "Mimi niko na dada yangu kule chini, hajaona maharagi ya kwetu tangu aolewe. Papa Katekista anibebee kikapu moja. Dada yangu atamulipa, njo desturi, mwenye kupokea njo analipa. Pesa iende kwa mbwa. Ao kichwa yake ingali inafikiri?"

Kila mtu aligeuka kumwangalia. Walijua kiapo chake. Mke wake, mama anasema, aliinamisha uso.

Katekista alipitisha kiganja juu ya kofia yake. Kisha akavua kofia, kipara chake kikaonekana, akasema: "Lete."

Baada ya hapo walikuja wote. Hakuna nyumba katika milima yetu isiyo na binti au shangazi aliyeolewa upande wa msitu, na njia ilikuwa haina mtu wa kuaminika. Walileta maharagi, jembe, chungu kilichofungwa kwa majani ya ndizi, kitenge cha mtoto aliyezaliwa, kuku hai. Aliyetaka kutembea mikono mitupu akawa mpagazi mwenye mizigo ya vilima viwili. Iliyozidi kichwa chake aliifunga mgongoni, na mke wake, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alibaki nyumbani.

Hapa ndipo palipo na kosa, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Kwetu, anayekuletea mzigo kutoka kwa ndugu zako si mpagazi, ni ndugu zako wenyewe waliofika. Huwezi kupokea kikapu mlangoni ukamwacha apite. Ataingia, ataeleza nani amekufa na nani amezaa, utamchinjia kuku, atalala. Kuondoka kabla ya kuku kuliwa ni kuutukana ukoo mzima, na malipo hutolewa asubuhi, baada ya kulala, si kabla. Katekista alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila mzigo ulimletea pesa, na kila mzigo ulimlia usiku mmoja. Kadiri safari ilivyofanikiwa, ndivyo ilivyochelewa.

Yule dada wa mama yangu aliyeolewa msituni anasema Katekista alipofika kwake alikuwa amekonda, shingo imevimba, na alikataa kuketi.

"Mama, nipe ruhusa. Niko na haraka."

"Haraka ya wapi? Dada yangu akisikia umelala na njaa atanilaani."

"Nitamwambia nilikula."

"Katekista atasema uongo?"

Akaketi. Akala. Akalala. Usiku, anasema, alimsikia akizungukazunguka nje ya nyumba.

Mimi wakati huo nilikuwa narudi likizo. Nilipanda mto kwa meli hadi Stanleyville, na kutoka huko nikapata kamyo ya mfanyabiashara iliyokuwa inakwenda Bukavu kwa barabara kuu. Ilituchukua siku nyingi za matope. Tulipofika Hombo dereva alisema tutapumzika, chuma kimoja kimevunjika. Nikashuka kunyosha miguu.

Nje ya soko, kando ya barabara, kulikuwa na mbwa wamefungwa kamba, kila mmoja kwenye mti wake, wekundu, wadogo, mikia imejikunja. Kengele za mti ziligongagonga walipojikuna. Wenye mbwa walichuchumaa nyuma yao, wametulia, kama watu kwenye mstari wa dispensari. Mzee mmoja mwenye ndevu chache alikuwa na mbwa watatu, akiwalisha ndizi iliyochomwa kutoka mkononi mwake. Nilimwuliza wanangoja nini.

"Sindano," akasema. "Katekista yetu anakuja na pesa. Wewe iko mutoto ya wapi?"

"Kibabi."

Uso wake ulifunguka. "Kibabi! Basi unamujua! Amefika wapi?"

Nikasema sijui, natoka upande mwingine. Ndivyo nilivyomwona Papa Bulambo.

Gari la munganga wa nyama lilifika mchana. Mzungu alishuka, na polisi na karani wake pamoja naye. Karani akauliza kama pesa ipo. Papa Bulambo akasimama akasema iko njiani, mwenye nayo ni mtu wa Misheni, hawezi kusema uongo, wangoje hadi kesho. Karani akatafsiri. Mzungu akaangalia saa, akasema neno moja.

Sitaeleza kuhusu risasi walizopigwa mbwa. Mbwa wale hawabweki. Nilichosikia kati ya mlio na mlio ni zile kengele.

Lakini kuna kitu lazima nikieleze. Polisi walipokuwa wanaendelea, mimi nilikwenda kwenye gari. Sijui nilitaka nini. Labda kumwuliza mtu swali, kwa kuwa ndilo pekee ninaloweza. Dereva wa munganga alikuwa ameegemea mlango anavuta sigara. Nikamwuliza: kama pesa ingekuwepo, dawa iko wapi?

"Dawa gani, kaka?"

"Ya sindano. Ya mbwa."

"Hatukupewa dawa. Tulitoka Bukavu na sanduku mbili. Moja iko ya chakula ya Bwana. Moja," akaonyesha kwa kidevu upande wa milio, "ile."

Nikaangalia nyuma ya gari. Alisema kweli. Ile pesa ingefika asubuhi ile, jana yake, wiki ya nyuma, mambo yangekuwa yale yale.

Katekista alifika kesho yake, kabla ya saa sita. Alitoka kwenye msitu na kikapu kichwani, jembe limefungwa pembeni, kuku mmoja akining'inia kwa miguu. Barabara ilikuwa imefagiliwa, lakini kamba zilikuwa bado kwenye miti, zimekatwa. Alisimama. Niliona macho yake yakienda kutoka kamba hadi kamba. Nikamkimbilia.

"Papa, ngoja nikueleze."

"Nimechelewa," akasema.

"Papa, sikiliza."

"Niliambiwa nilale. Nikalala." Akatua kikapu taratibu, kana kwamba kilichomo kilikuwa mayai. "Bulambo iko wapi?"

Akaondoka kwenda kijijini kwa Bulambo kabla sijasema lile nililotaka kusema. Kamyo ilipiga honi. Nikapanda.

Yaliyofuata nilielezwa na mke wa Katekista, kama mumewe alivyomsimulia. Papa Bulambo hakumfukuza. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, na Katekista alipomtolea pesa yote ili agawie wenye mbwa, aliirudisha kwa mkono wa kushoto. "Mbwa hailipwake," alisema. "Tulishazika." Wawindaji wawili waliokuwa wamewaficha mbwa wao kwenye makambi ya ndani walikuwa wameketi hapo barazani.

Kwa ile pesa Katekista alinunua watoto wa mbwa hapa Masisi, akawapeleka kudungwa sindano, wakavishwa medali, na mmoja mmoja akaanza kuwabeba kwenda kule chini. Ilikuwa kazi ya kusikitisha kuiangalia. Mbwa wa milima hubweka. Anawafukuza wanyama kabla mwindaji hajafika. Waliopokea walipokea kwa adabu, kwa sababu ni mgeni wao. Mbwa wengine walirudi kwenye barabara wakaokota takataka, wengine chui aliwachukua. Yeye aliendelea. Alikosa misa nyingi, na Misheni ikamweka katekista mwingine, kijana mwenye baiskeli, ambaye hapigi watoto na anawafukuza mbwa kwa mawe.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa likizo iliyofuata, kwenye njia ya juu ya Kibabi, alasiri, ukungu unaanza kushuka. Alikuwa anarudi, si anakwenda, na bado alikuwa na kikapu kichwani. Ndani yake mbwa mdogo mweusi alitoa pua kwenye tundu. Lile koti alikuwa hana tena. Nilimsaidia kutua, tukaketi kwenye majani.

"Huyu hawakumpokea?"

"Ilikuwa ya Bulambo. Nilikuta nyumba tu." Alimtoa mbwa akamweka kati ya miguu yake. "Bulambo aliendaka kwa mugodi wa bati. Anachimba. Jirani yake anasema hatarudi mbele ya miaka mingi. Muntu mwenye umri ile, anachimba."

Alimpa mbwa kipande cha kiazi, kisha akanigeukia.

"Wewe njo muntu ya maswali. Leo niulize mimi?"

"Uliza, Papa."

"Ningekataa mizigo ingine. Ile ya Muheto tuseme, nikakamata ya Kibabi tu. Ningefika?"

Nilijua kwamba hilo ndilo alilolibeba mwaka mzima, juu na chini ya milima ile. Niliona shingo yake, ngozi imekunjamana chini ya kipara. Nami nilikuwa na kitu cha kumtua. Tangu utoto naamini kwamba kweli humtua mtu. Ndiyo imani pekee iliyobaki kwangu baada ya kuziuliza nyingine zote.

Nikamwambia. Nilimweleza juu ya gari, juu ya dereva, juu ya masanduku mawili. Nikamwambia hakukuwa na dawa hata chupa moja, hawakuileta, hawakukusudia. "Hukuchelewa, Papa. Hata ungefika mbele ya wote, wasingedunga mbwa yeyote. Si kosa la mizigo. Si kosa lako."

Alisikiliza bila kutikisika. Nilingoja uso wake ufunguke.

"Uliona wewe mwenyewe?"

"Niliona."

"Hakukuwa na dawa."

"Hapana."

Alimshika mbwa shingoni, si kwa nguvu, akawa anamkunakuna chini ya medali. Ukungu ulikuwa umekwisha kufunika mashamba ya chini, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikimwita mtoto mahali tusipopaona.

"Bulambo alitaka kubaficha," akasema hatimaye. "Bale walioficha, mbwa zao ziko." Akaigeuza medali kwa kidole. "Mimi njo nilisema abalete barabarani. Mimi njo nilisema abafunge kamba."

Aliinuka, akamrudisha mbwa ndani ya kikapu, akainama, akajitwisha mwenyewe. Nilinyosha mkono kumsaidia, akausogeza kando kwa upole, akasema kwa ile sauti aliyowasemesha mbwa.

"Acha, mwanangu. Enda nyumbani."

Akaanza kupanda.